Mkate Uliokuwa Ukutani

Guliston, 3 Desemba 2006

Kaka yangu, Bunyod aka,

Kwanza salamu, na usiziruke, maana Bibi amesimama nyuma yangu anahakikisha nimeziandika zote. Bibi anakusalimu. Mama anakusalimu. Baba alipiga simu kutoka Urusi, naye anakusalimu, anasema huko theluji imefika madirishani na yeye bado yuko ghorofa ya tisa anapiga lipu. Kuku wamebaki wawili. Sote wazima, isipokuwa Mama anakohoa, ila anasema muuguzi hana ruhusa ya kuumwa.

Mkate wako uko salama. Kila Ijumaa asubuhi Bibi anautoa kwenye msumari, anaupuliza vumbi, anaubusu, anaugusisha kwenye paji la uso, kisha anaurudisha, ule upande ulioung'ata siku ulipoondoka ukielekea mlangoni. Umekauka, ukiugonga unalia kama ubao. Jana mtoto wa jirani aliuliza kwa nini tumetundika mkate mbovu ukutani. Bibi akamjia juu: "Mbovu wewe! Hiyo ni kamba. Ncha moja iko hapa, ya pili imefungwa kiunoni mwa mjukuu wangu. Akimaliza jeshi lake itamvuta mpaka hapa, aje aumalizie." Mtoto akazunguka chumba kizima anatafuta kamba.

Sasa Bibi ametoka kwenda kwenye tanuri, naweza kusema langu. Mwisho wa Januari shule inatupeleka milimani siku tatu, kujifunza kuteleza thelujini kwa skii. Darasa zima. Aka, mimi sitaki. Unaujua mji wetu, ni bonde tupu la pamba, na kitu kirefu kuliko vyote ni tangi la maji. Sijawahi kulala nje ya nyumba hii. Na kocha wa huko atasema Kirusi, tena cha mbio. Kirusi changu kwenye daftari kinapata alama tano kati ya tano, lakini kikifika mdomoni kinageuza njia na kurudi tumboni. Kiuzbeki nacho hivyo hivyo, watu wakizidi wawili. Inna Ligay, yule Mkorea anayekaa dawati la nyuma yangu, ameshatangaza: "Hulkar akianguka hatutajua. Hata 'mama' hasemi."

Mwandikie Mama kwamba si lazima niende. Wewe anakusikiliza.

Hulkar


Kikosini, 17 Desemba 2006

Bubu wangu,

Wasalimie wote, mmoja mmoja, kwa umri. Mwambie Bibi nakula vizuri. Wamenipa kazi jikoni. Nakaa kando ya jiko tangu asubuhi namenya viazi, hata sijui kama nje kuna baridi. Wenzangu wananionea wivu. Kama mna soksi za sufu nzito, nitumieni jozi mbili, maana sakafu ya jikoni ni ya saruji.

Suala lako: sitamwandikia Mama. Nenda. Mimi nina miaka kumi na tisa na jambo la kwanza nililolijua hapa ni kwamba kukaa nyumbani si ujuzi. Utaanguka, ndiyo. Kila mtu anaanguka. Wewe utakuwa na nafuu, kwa kuwa utaanguka kimya kimya bila kusumbua watu.

Ukirudi uniandikie kila kitu kwa mpangilio, usifiche hata kimoja.

Mwangalie mkate wangu. Hapa kila mmoja ameacha wake ukutani kwao. Tukimaliza kula tunabishana wa nani umekauka zaidi. Kuna mmoja kutoka Namangan anaapa kwamba wa kwao umeota ndevu. Tunacheka, lakini hakuna anayecheka sana.

Bunyod


14 Januari 2007

Hulkar,

Barua fupi, salamu ndefu, zigawe wewe. Soksi zimefika, Mungu ambariki aliyezifuma. Usitume tena.

Siku hizi napumzika kidogo. Chumba kina joto, kitanda kina shuka nyeupe, chakula kinakuja chenyewe. Nalala sana. Mwambie Mama atanikuta nimenenepa kidogo.

Kama Bibi bado ana zile kobazi laini za Baba, zile zilizofunikwa mbele, tena pana, asizigawe kwa mtu.

Nenda milimani. Nasema tena, nenda.

B.


Guliston, 5 Februari 2007

Bunyod aka,

Salamu za wote ziko kamili, Bibi amezikagua. Mama kikohozi kimepungua. Kobazi za Baba zipo, Bibi alikuwa amefungia vitunguu ndani yake, ameshavitoa. Ulizitakia nini?

Nilikwenda, nikarudi. Uliniambia nikuandikie kwa mpangilio.

Ijumaa tuliondoka kabla ya jua, basi likapita Tashkent, likapita Gazalkent, na mlima ukaanza kutupandia madirishani. Nilikaa karibu na dereva kwa sababu ya kichefuchefu. Tulipewa mabuti mazito kama matofali, na mbao zenyewe ndefu kuliko mimi. Ukiwa umezivaa huwezi kugeuka, huwezi kukaa, huwezi hata kukimbia aibu yako. Kocha ni mzee mmoja mwenye uso uliochomwa na jua mpaka miwani imemwachia maduara mawili meupe. Aliniambia, "Wewe, binti, unateleza kama kabati." Darasa likacheka. Inna akasema, "Kabati lililofungwa na ufunguo umepotea." Wakacheka tena.

Usiku tulilala wasichana kumi na wawili chumba kimoja. Chakula kilikuwa supu na tambi, kisha tambi na supu.

Siku ya pili kulikuwa na ukungu.

Siku ya tatu tulirudi. Inna ameumia goti kidogo, anachechemea.

Mkate upo ukutani.

Hulkar


Guliston, 11 Machi 2007

Bunyod aka,

Hii ni barua ya tatu tangu Februari. Ya pili nilikuandikia tarehe kumi na nane, labda imepotea, haikuwa na kitu cha maana. Ya kwanza najua ilifika, kwa sababu Mama aliipeleka posta mwenyewe.

Wote wanakusalimu na wote wanajifanya hawana wasiwasi. Bibi anasema barabara za milimani zimefungwa na theluji. Mama anasema wavulana ni wavivu wa kuandika. Mimi siwezi kukaa. Nikikaa chini nasimama, nikisimama naenda getini, nikifika getini narudi kuangalia kama chai imechemka, na chai sikuiweka. Mleta barua ananijua sasa, akiniona anatikisa kichwa akiwa bado mbali ili nisimsubiri. Jana alinionea huruma akanipa gazeti la jirani nilisome kwanza.

Darasani naandika Kirusi nikijikuta katikati ya sentensi nimeingia Kiuzbeki, na mwalimu ananizungushia duara jekundu.

Inna ananifuata kila mahali na mguu wake. "Una nini wewe? Unatembea kama mtu aliyeiba." Nilimwambia sijaiba. Akasema, "Sijasema umeiba. Nimesema unatembea kama."

Ijumaa Bibi alipoutoa mkate kuufuta, nilitoka nje.

Aka, niandikie neno moja tu. Hata tusi.

Hulkar


Guliston, 2 Aprili 2007

Bunyod aka,

Leo sina salamu. Bibi hajui kama naandika.

Mama alikwenda ofisi ya jeshi. Walimwambia, "Yuko hai, uwe na subira." Mama alirudi akasema "yuko hai" kwa furaha, kisha akaingia jikoni akafunga mlango, kwa sababu hakuna mtu anayeulizwa habari za kijana wa mtu akajibu kwamba yuko hai, kama mambo ni mazuri. Mimi nilibaki ukumbini nautazama ule msumari.

Nitasema sasa, na uniache nimalize.

Asubuhi ile ya safari niliamka kabla ya wote. Nilikuwa nimevaa kila kitu. Nikaogopa, aka, si kuogopa kwa mzaha. Nilikuwa na uhakika kwamba nitabaki kule juu. Nikafikiri, kama ningekuwa naenda jeshini Bibi angenishikia mkate niung'ate, na mkate ungebaki hapa unanivuta. Lakini nani anang'ata mkate kwa safari ya shule ya siku tatu? Ningeomba wangenicheka mtaa mzima mpaka harusini kwangu. Nikautazama wako. Nikasema moyoni, huu unamvuta Bunyod mwaka mzima bila kuchoka, utashindwaje kunivuta na mimi siku tatu tu? Nitaurudisha Jumapili. Kwa hofu nilisahau kwamba ilikuwa Ijumaa, siku ya Bibi ya kuufuta, na niliporudi hakuna aliyeuliza. Nikaupanguza, nikaufunga kwenye leso, nikautia ndani ya koti. Ulikuwa baridi kifuani kama sahani.

Jumamosi kocha aliuliza, "Nani bado hajui kusimama?" Mikono ikanyanyuka. Mimi nilikuwa sijui. Lakini ukinyanyua mkono watu wanakutazama, basi sikunyanyua. Alichukua wenye mikono juu akawafundisha kwanza. Sisi wengine akatupeleka kwenye lifti ya viti inayopanda mlimani.

Ukungu ulishuka tukiwa juu. Kocha akasema tumfuate kwa mstari, tusimame kila anapopiga filimbi. Akapiga, wote wakasimama. Mimi nikapita. Niliwapita wote, aka, mmoja mmoja, nikiwa nimefunga mdomo. Nikapita bendera nyekundu. Nilisikia Inna anaita, "Kabati! Unaenda wapi?" kisha nikasikia mbao zake zikija nyuma yangu, na yeye alikuwa anajua kusimama, angeweza kubaki.

Tuliangukia kwenye korongo lenye misonobari mifupi. Mimi sikuumia. Yeye goti liligeuka upande usio wake. Ukungu ulikuwa mzito hata miguu yetu hatukuiona vizuri. Inna alianza kwa matusi, ya Kirusi na yale ya bibi yake ya Kikorea, kisha akaanza kutetemeka, kisha akaacha kutetemeka akasema ana usingizi. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Nikautoa mkate kifuani, nikauvunja juu ya buti langu. Ulipasuka kama kigae. Nilimtia kipande mdomoni nikamwambia tafuna. Alitafuna kama ng'ombe, akafungua macho.

"Mkate gani huu? Wa vita vya pili?"

"Tafuna."

"Mbona umeshaumwa? Nani ameung'ata?"

"Panya."

"Panya mkubwa huyo," akasema, na akaendelea kutafuna.

Tuliula wote. Tulimung'unya na theluji, kipande kwa kipande, na kati ya kipande na kipande nilipiga kelele. Mimi. Nilipiga kelele za Kirusi na za Kiuzbeki, "Tuko hapa! Tuko chini!" mpaka koo likatoa ladha ya damu. Inna alinitazama akasema, "Kumbe una sauti, mjinga wewe. Ungeitumia kule juu." Saa tatu zilipita. Kocha alitufikia kwa kuifuata sauti. Hakunigombeza. Alinipa chai ya kwenye chupa yake.

Jumapili jioni Bibi alikuwa kwa jirani. Kwenye kapu kulikuwa na mikate ya Jumamosi, umbo lile lile, yenye alama ile ile ya muhuri wa misumari wa Bibi, uliopungukiwa na msumari mmoja katikati. Nikachukua mmoja, nikaung'ata, nikautundika. Mpaka sasa Bibi anaubusu kila Ijumaa.

Kwa hiyo kamba yako niliila mimi, Jumamosi tarehe 27 Januari, na tangu siku hiyo hujaandika. Nimehesabu. Barua yako ya mwisho ni ya tarehe kumi na nne. Sina la kuongeza.

Hulkar


25 Machi 2007

Kwa wote nyumbani,

Msiogope. Niko hai na nina akili zangu. Navruzi njema, mmenikosa kwenye pilau ya sikukuu, nanyi mmepona, maana ningeimaliza. Sikuandika kwa sababu ambazo nitazisema nikirudi.

Hulkar, wewe peke yako: mkate wangu usiguswe. Nausema hapa kama mzaha lakini si mzaha. Kuna majuma hapa nilikuwa nikifumba macho nauona uko pale kwenye msumari, na nikishauona nalala. Usiruhusu mtu kuugusa isipokuwa Bibi.

Bunyod


Guliston, 10 Aprili 2007

Bunyod aka,

Barua yako ya tarehe ishirini na tano imefika leo. Mama amelia, Bibi ameoka mikate ya kugawia mtaa.

Kuna barua yangu iko njiani. Bahasha nene, stempu ya ndege mwekundu. Nakuomba kwa Mungu usiifungue. Itie motoni. Nitaandika nyingine nzuri.

H.


Kikosini, 9 Mei 2007

Hulkar,

Salamu kwa wote. Barua hii usiwasomee. Anayekuletea anaitwa Sherzod, amemaliza muda wake, kwao ni jirani na nyinyi, mpeni chai na asiondoke na njaa.

Barua yako ya pili ilifika kwanza. Mtu anaambiwa "usifungue bahasha nene yenye ndege mwekundu", halafu ulitegemea nini? Nilikaa mlangoni kwa tarishi siku tano naingojea.

Niliisoma. Nilikasirika. Sitakuficha, nilikasirika mpaka nikaenda nyuma ya bohari nikapiga teke ndoo, na teke lenyewe liliniumiza, na nitakwambia kwa nini. Nilikaa siku tisa bila kuandika. Nilikuwa nasema, nilimwachia kitu kimoja tu, kimoja, hata hakili, hakinywi.

Siku ya kumi nilifanya hesabu kama uliyoifanya wewe.

Sikuwahi kufanya kazi jikoni. Viazi nimemenya siku mbili tu, kwa adhabu. Tangu Novemba nilikuwa kwenye kituo cha juu, mlimani, watu sita na jiko moja dogo. Tunatembea doria kwa skii, ndiyo, mbao zile zile, na mimi nateleza kama kabati, basi ni ya ukoo. Tarehe 6 Januari dhoruba ilitukuta nje, buti langu la kushoto liliingia maji, na tulifika kituoni baada ya mwendo wa masaa kumi na moja. Vidole viwili vya mguu viliganda. Walivikata tarehe tisa. Ile shuka nyeupe niliyokuandikia ni ya hospitali. Zile kobazi ni kwa sababu hiyo. Sikuandika miezi miwili kwa kuwa kila nikianza "hamjambo" ilibidi nitie uongo kwenye mstari wa pili, nikachoka na uongo.

Sasa sikiliza, wewe unayepata alama tano. Tarehe 6 Januari mkate wangu ulikuwa wapi? Ukutani. Mzima. Unafutwa vumbi na kubusiwa. Na vidole vilikwenda. Tarehe 27 ulikuwa tumboni kwako na kwa yule Mkorea wako, na siku hiyo mimi nilikuwa kitandani nakunywa uji wa maziwa. Kwa hiyo kesi yako haina ushahidi.

Najua utasema, labda bila mkate vingekwenda vidole vyote. Hata mimi nimelisema hilo. Hakuna anayejua. Ila nimeliwaza korongo lile mara nyingi, nikajiuliza, kama ningekuwa pale na mkate kifuani na mtu analala thelujini, ningeuhifadhi? Ningeula hata na leso.

Wenzangu niliwasimulia. Yule wa Namangan alisema ni mkate pekee katika kikosi kizima uliofanya kazi.

Ndani ya mfuko atakaokukabidhi Sherzod kuna kitu kimefungwa kwenye kitambaa cha mguu, kile tunachojifunga ndani ya buti badala ya soksi. Usishtuke, kimefuliwa. Ni mkate mweusi wa jeshi, hatuna mwingine. Nimeung'ata mwenyewe mbele ya mashahidi wanne. Utundike. Bibi ataona mara moja kwamba si wa tanuri lake, kwa hiyo itabidi umwambie. Nimefanya hivyo makusudi.

Habari ya vidole usiseme. Hiyo ni yangu, nitaisema mwenyewe.

Bunyod


Guliston, 3 Juni 2007

Bunyod aka,

Salamu kwanza. Baba anakusalimu, anarudi Septemba. Mama amesimama nyuma ya pazia anadhani simwoni, anakusalimu. Sherzod alikula sahani tatu za pilau, Bibi akampa ya nne ya njiani na kumsindikiza mwenyewe hadi getini, wakazungumza huko muda mrefu.

Nilikaa na mfuko ule siku nne. Niliuhamisha kutoka chini ya kitanda kwenda kabatini, kutoka kabatini kwenda banda la kuku, nikaurudisha kitandani. Siku ya nne ilikuwa Ijumaa. Bibi alipanda kistuli kuutoa mkate, nikasimama katikati ya chumba na kitambaa chako mkononi.

Nikasema, "Bibi." Sauti ikatoka kama ile ya korongoni, kubwa kuliko chumba. Kuku wakaruka nje.

"Sina uziwi," akasema. "Sema."

Nikasema. Yote, isipokuwa yale ya kwako. Hakuteremka kwenye kistuli. Nilipomaliza alikuwa anauzungusha mkate mkononi, anautazama ule upande ulioumwa.

"Huu ni mdomo mzima," akasema. "Meno yote yapo, yamepangana kama mahindi. Bunyod jino lake la mbele lilivunjwa na punda akiwa na miaka minane, na mdomo wake niliushona mimi, kwa uzi wa kushonea mito ya kulalia. Mkate wake ulikuwa na kipande kimesimama katikati ya pengo kama kisiki. Unadhani Bibi yako anabusu bila kuangalia?"

Nikauliza alijua tangu lini.

"Ijumaa uliyoondoka, nilikuta msumari mtupu. Ijumaa iliyofuata nikakuta meno haya."

"Mbona hukusema, Bibi?"

"Mbona wewe hukusema?"

Akaendelea kuufuta kwa pindo la kitambaa chake cha kichwa, taratibu, kama kila Ijumaa. Akasema, "Nililia siku ile, nisikudanganye. Nilikwenda kwenye tanuri nikalia humo ndani, watu wakadhani ni moshi. Kisha nikasema, haya, wa Bunyod haupo, yeye namwombea kwa mdomo. Lakini hapa kuna mkate, na umeumwa, na meno ni ya msichana. Basi yupo mtu wa nyumba hii aliyekwenda mahali na hajarudi. Nikamwangalia huyo mtu. Anakwenda getini, anarudi, anaweka chai bila maji, anatoka nje nikishika mkate. Nikasema, kweli, bado hajafika. Tangu mwezi wa pili nakufutia vumbi wewe."

Aka, nililia mbele ya mtu. Sikumbuki mara ya mwisho.

Akateremka, akaniambia nikamwite "yule mwenzako wa mguu". Inna alikuja na bakuli la karoti za pilipili za kwao, akasimama mlangoni, mara ya kwanza namwona anangoja kukaribishwa. Bibi alitukalisha wote wawili kwenye mkeka, akamimina chai ya moto kwenye bakuli kubwa, akauvunja ule mkate kwa nyundo ya kuvunjia sukari.

"Kuleni," akasema. "Anayerudi anamalizia wake. Na wewe ulikuwa naye, kula."

Tuliula ukiwa umelowa. Ulikuwa na ladha ya moshi na ya ukuta. Inna alitafuna, akanitazama pembeni, akasema kwa Kiuzbeki chake kilichovunjika, mbele ya Bibi, "Huyu panya wa sasa ana meno mazuri." Bibi hakuelewa, lakini alicheka kwa vile sisi tulicheka. Kilipoisha kipande cha mwisho, alikusanya makombo kwenye kiganja, akayapaka kwenye paji langu la uso, akasema, "Haya. Sasa umefika."

Jioni ile nilikaa. Nilikaa tu, aka, kwenye kistuli, bila kuinuka, mpaka Mama akaja kunipima joto.

Wako uko kwenye msumari. Ni mweusi, mdogo, hauna muhuri, na una kisiki katikati ya pengo. Bibi aliukagua kwanza kwa kidole, akasema, "Huyu ndiye." Kisha akakinusa kile kitambaa, akakikunja na kukiweka pamoja na kobazi za Baba. Asubuhi nilimkuta anazishona kobazi, ya kushoto anaitia sufu ndani kwa mbele. Siri yako sikuitoa. Kwa hiyo uyatafute maneno yako mapema, maana huku nadhani yameshafika.

Mkate huo ni mgumu kuliko wote tuliowahi kutundika. Njoo Oktoba uumalize mwenyewe. Safari hii sikusaidii.

Dada yako,
Hulkar